Kura Ikihesabiwa Mara ya Pili

Kuhesabu upya kura ni kuzirudia karatasi zilizokwisha kuhesabiwa ili ijulikane kama aliyetangazwa mshindi ndiye kweli aliyepata kura nyingi. Kazi hiyo hufanywa kwa njia mbili. Kwa mkono, watu huketi mezani, wakafungua sanduku, wakaitazama kila karatasi na kukubaliana ni ya nani. Kwa mashine, karatasi hupitishwa kwenye kifaa kinachosoma alama kwa mwanga na kujumlisha chenyewe. Na pale ambapo mpigakura alichagua kwa kubonyeza kioo, kifaa hutoa tena hesabu iliyo ndani yake. Tofauti ikiwa kura laki moja, njia yoyote itamtoa mshindi yule yule. Ikiwa ni kura mia mbili, au arubaini, njia iliyotumika inaweza kuwa ndiyo inayoamua nani atakula kiapo.

Nchini Kenya kura huhesabiwa kwa mkono. Jambo hili husahaulika upesi, hasa Kisumu na katika kaunti jirani za Siaya, Homa Bay na Migori, ambako tangu 2017 mazungumzo ya uchaguzi yamekuwa mazungumzo ya seva za tume ya uchaguzi. Vifaa vya KIEMS vinavyoonekana vituoni humtambua mpigakura kwa alama za vidole, na baadaye hutuma matokeo ya urais pamoja na picha ya fomu. Havijui karatasi iliyo sandukuni imetiwa alama wapi. Anayejua ni msimamizi wa kituo, makarani wake, na mawakala waliokaa naye chumba kimoja.

Hesabu yenyewe huwa ya usiku, mara nyingi katika darasa la shule ya msingi, kwa kuwa kituo hufungwa saa kumi na moja jioni na waliokuwa kwenye foleni wakati huo huruhusiwa kumaliza. Msimamizi hukata lakiri ya sanduku mbele ya mawakala, humwaga karatasi mezani, kisha huzikunjua moja moja. Hutaja jina la aliyepigiwa, huigeuza karatasi ili mawakala waione, halafu huiweka kwenye rundo la mgombea huyo. Masanduku ni sita: la rais, la gavana, la seneta, la mbunge, la mwakilishi wa kike na la mwakilishi wa wadi. Kila kiti kina karatasi ya rangi yake, na la rais huanza. Kituo kimoja hakizidi wapigakura 700 waliosajiliwa, kwa hivyo rundo la kila sanduku ni dogo kiasi cha macho ya watu wachache kulifuata bila kupotea. Hesabu ikiisha fomu hujazwa, 34A kwa rais, 37A kwa gavana, na nyingine kwa viti vilivyobaki. Mawakala hutia sahihi, nakala hubandikwa kituoni mahali pa kusomwa na kila mtu, na fomu ya rais hupigwa picha.

Ni utaratibu mzuri. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 86, inataka mfumo wa kura uwe rahisi, sahihi, unaoweza kuthibitishwa, salama na wa wazi, na inataka kura zihesabiwe na matokeo yatangazwe pale pale kituoni. Anayekumbuka mlolongo wa 1988 anajua thamani ya hilo. Katika mchujo wa KANU wa mwaka ule wapigakura walipanga foleni nyuma ya picha au ajenti wa mgombea, wakahesabiwa vichwa, na aliyevuka asilimia 70 akapita bila kupingwa. Foleni ilipotawanyika, ushahidi ulitawanyika nayo. Mtu aliyesimama kwenye foleni ndefu kisha akasikia aliye na foleni fupi ametangazwa mshindi hakuwa na cha kupeleka mbele ya hakimu, kwa sababu hakukuwa na karatasi hata moja ya kurudia. Haki yoyote ya kuhesabu upya inaanzia hapo: lazima kuwe na kitu kilichobaki.

Sheria inaruhusu marudio ya kwanza yafanyike mezani, usiku ule ule. Kanuni ya 80 ya Kanuni za Uchaguzi za 2012 inampa mgombea au wakala aliyepo wakati hesabu inapoisha ruhusa ya kudai kura zikaguliwe na kuhesabiwa tena, na msimamizi mwenyewe anaweza kuamua hivyo. Ila marudio hayo hayazidi mawili. Hakuna hesabu ya pili iliyo nafuu na ya haki kuliko hiyo. Karatasi hazijasafiri, lakiri mpya hazijafungwa, na waliobishana kuhusu alama fulani bado wako chumbani.

Kasoro yake iko katika wakati. Wakala aliyeko Ahero au Muhoroni saa nne usiku anaona rundo la mgombea wake limelizidi la mpinzani kwa kura 300, au limezidiwa kwa kura 300, na hana sababu ya kuomba lolote. Hajui kwamba mambo yanakwenda hivyo hivyo kwa kupishana katika vituo vingine mia, na kwamba jumla ya eneobunge zima itaachana kwa kura chache. Ufinyu wa tofauti hauonekani kituoni. Unaonekana kwenye kituo cha kujumlishia, saa nyingi baadaye, masanduku yakiwa yamekwisha kutiwa lakiri. Na huko hakuna anayefungua sanduku. Afisa wa uchaguzi wa eneobunge hujumlisha fomu, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa katika kesi ya Maina Kiai mwaka 2017 ni wazi kwamba matokeo ya kituo ni ya mwisho, hayabadilishwi na afisa wa ngazi ya juu. Uamuzi ule ulikuwa wa lazima, kwa kuwa uliondoa mikono ya wakubwa wa Nairobi kwenye namba za vijijini. Lakini umeliacha pengo moja bila kuzibwa: haki ya kuhesabu upya ipo mahali ambapo hakuna anayejua kwamba inahitajika, na inakoma mahali ambapo kila mtu anaona kwamba inahitajika.

Baada ya hapo njia iliyobaki ni mahakama. Anayepinga ana siku 28 tangu matokeo kutangazwa kuwasilisha kesi, na Mahakama Kuu ina miezi sita kuiamua. Sehemu ya 82 ya Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inampa jaji uwezo wa kuagiza uchunguzi wa kura, na sehemu ya 80 inamruhusu kuamuru cheti kitolewe kwa mwingine ikiwa hesabu mpya imemdhihirisha mshindi na mshindi huyo hana kosa la uchaguzi. Hata hivyo sanduku halifunguliwi kwa kuombwa tu. Katika kesi ya ugavana wa Meru, Munya dhidi ya Kithinji, mwaka 2014, Mahakama ya Juu ilisema kwamba uchunguzi na kuhesabu upya si haki inayotolewa kama kawaida. Mwombaji lazima aonyeshe msingi, kituo kwa kituo. Tofauti katika kesi hiyo ilikuwa kura 3,436.

Msimamo huo una sababu yake. Mahakama zikifungua kila sanduku kwa kila aliyeshindwa, miezi sita haitatosha. Lakini unamwekea mlalamishi mzigo mgumu: athibitishe kwanza kwamba hesabu ilikosewa, ndipo aruhusiwe kutazama kama ilikosewa. Mawakala wake wakiwa walilala, walinunuliwa au walifukuzwa kituoni, hatakuwa na karatasi ya kuanzia.

Pwani ya ziwa imeonja urefu wa njia hiyo mara kadhaa. Mwaka 2013 Mahakama Kuu mjini Kisumu ilibatilisha ushindi wa Cornel Rasanga katika ugavana wa Siaya dhidi ya William Oduol, na wapigakura wakarudi vituoni Oktoba mwaka huo huo, wakamchagua Rasanga tena. Homa Bay ilichukua muda zaidi. Oyugi Magwanga alipinga ushindi wa Cyprian Awiti wa 2017. Mahakama Kuu ikaubatilisha Februari 2018, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo, na Mahakama ya Juu ikamrudishia Awiti kiti Februari 2019. Kwa mwaka mzima kaunti iliongozwa na gavana ambaye haikujulikana kama ni gavana.

Ugenya ndiyo inayofundisha zaidi. Agosti 2017 Chris Karan wa ODM alitangazwa mbunge kwa kumshinda David Ochieng kwa kura mia mbili na ushei, katika eneobunge ambalo kila mmoja wao alipata zaidi ya kura 23,000. Kesi ilipanda mahakama zote tatu. Uchaguzi ulibatilishwa, ukarudiwa Aprili 5, 2019, na Ochieng akashinda kwa zaidi ya kura elfu nne. Miezi ishirini ilipita kati ya kura ya kwanza na jibu la mwisho, na jibu lenyewe halikuwa la swali lililoulizwa. Kura ya 2019 ilisema nani alipendwa 2019. Nani alipata kura nyingi Agosti 2017 ni jambo lingine, na lilistahili kujibiwa kwa karatasi zilizopigwa siku ile, wiki ile ile, kabla mawakili hawajaanza kulipwa.

Hapo ndipo wengi husema: leteni mashine ihesabu, haichoki, haina kabila, hainunuliwi. Hoja hiyo inastahili kupimwa kwa makini, kwa kuwa ina ukweli ndani yake. Mtu aliyekesha hukosea. Karatasi mbili hushikana zikahesabiwa moja. Karani huandika 161 mahali pa 116. Mashine hufanya makosa ya namna hiyo mara chache. Lakini makosa ya mkono, kama hakuna hila, hutawanyika huku na huku: kituo hiki kinampunguzia huyu, kile kinampunguzia yule, na mara nyingi yanafidiana. Kosa la mashine huelekea upande mmoja. Ikiwa haioni alama iliyotiwa kwa kalamu hafifu, haitaiona katika kituo chochote. Ikiwa imepangwa vibaya majina, itakosea vivyo hivyo mara elfu. Na kuhesabu upya kwa mashine ile ile ni kama kurudisha samaki wa Dunga kwenye mizani ile ile iliyoharibika: uzito utatoka uleule, na mvuvi ataambiwa kwamba sasa umethibitishwa mara mbili.

Mfano wa Schaerbeek, Ubelgiji, haujapoteza nguvu. Katika uchaguzi wa Mei 2003 mgombea mmoja alipewa na kompyuta kura 4,096 zaidi ya alizopigiwa. Iligunduliwa kwa sababu tu hesabu ilikuwa haiwezekani: alikuwa na kura nyingi kuliko zilivyoruhusu kura za chama chake. Wataalamu hawakupata kosa katika programu. Maelezo waliyobaki nayo ni kwamba chembe moja ya kumbukumbu ndani ya kompyuta iligeuka yenyewe. Kama kosa lingeongeza kura 64 badala ya 4,096, huenda hakuna ambaye angelistuka.

Marekani, ambako majimbo mengi huhesabu kwa mashine, ndiko mashine na mkono vimekutana ana kwa ana mara nyingi. Mwaka 2004 katika jimbo la Washington, Dino Rossi alimtangulia Christine Gregoire kwa kura 261 katika hesabu ya kwanza. Mashine ziliporudia, tofauti ikashuka hadi 42. Mkono uliporudia, Gregoire akawa mbele kwa 129, na ndiye aliyekuwa gavana. Sehemu ya badiliko hilo ilitokana na macho ya watu kusoma alama ambazo mashine iliziruka, na sehemu ilitokana na mamia ya kura za kaunti ya King zilizokuwa zimewekwa kando kimakosa na hazikuwahi kufika kwenye mashine. Miaka minne baadaye, Minnesota, Norm Coleman alimzidi Al Franken kwa 215 katika kiti cha Seneti. Jimbo likahesabu kwa mkono karatasi karibu milioni tatu, bodi ikazitazama hadharani zile zilizobishaniwa, na mwisho wa kesi Franken alikuwa mbele kwa 312. Ilichukua hadi katikati ya 2009. Coleman alikubali kushindwa, na hilo ndilo jambo kubwa: aliyepoteza aliona alichopotezea.

Florida ya 2000 inaonyesha upande mwingine, na watetezi wa mkono hawapaswi kuuficha. George W. Bush alimshinda Al Gore kwa kura 537 katika jimbo lenye takriban wapigakura milioni sita waliojitokeza. Katika kaunti kadhaa kura zilikuwa kadi za kutobolewa, na kadi nyingi zilikuwa na kitobo kisichokamilika. Kaunti moja ilihesabu kitobo kilichoning'inia, nyingine ilikataa hata chenye mwanga unaopita. Kaunti moja ilibadilisha kipimo chake katikati ya kazi. Desemba 12 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikomesha hesabu ya mkono, ikisema kwamba kupima kura zinazofanana kwa vipimo tofauti ni kutowatendea wapigakura sawasawa. Mtu anaweza kuulaumu uamuzi ule kwa jinsi ulivyofunga mlango bila kuacha muda wa kurekebisha. Hoja yake kuhusu vipimo, hata hivyo, ni ya kweli. Mkono usio na kanuni iliyoandikwa kabla ya ugomvi hugeuka kuwa mkono wa anayetaka kushinda.

Kenya kwa upande huo iko mahali pazuri kuliko Florida. Karatasi ni kubwa, ina picha ya mgombea na alama ya chama, na mpigakura hutia alama kwa kalamu. Kanuni zinaeleza karatasi ipi ikataliwe: isiyo na alama za usalama za tume, yenye alama kwa wagombea wawili, isiyo na alama kabisa. Alama iliyopotoka haiharibu kura ikiwa nia ya mpigakura iko wazi. Hata hivyo mgogoro wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa hata hapo pana mwanya. Uhuru Kenyatta alipewa asilimia 50.07, akiwa amevuka nusu kwa kura elfu chache, na kura zilizokataliwa zilikuwa zaidi ya 108,000. Je, zihesabiwe katika jumla inayotafutiwa nusu, au zitolewe? Swali hilo lilijibiwa na Mahakama ya Juu baada ya kura, ilhali lilipaswa kuwa na jibu kabla. Mahakama iliamua zitolewe.

Nchi ya karibu ambako mashine iliingia mpaka kwenye sanduku lenyewe ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Desemba 30, 2018 Wakongo walipiga kura kwa mashine zilizotengenezwa na kampuni ya Miru ya Korea Kusini. Mpigakura alibonyeza picha kwenye kioo, mashine ikamchapia karatasi, naye akaitumbukiza sandukuni. Kwa hivyo kulikuwa na hesabu mbili, moja ndani ya mashine na nyingine ndani ya sanduku, na kisheria ya sandukuni ndiyo iliyopaswa kutawala. Kwa Kifaransa watu waliibandika mashine ile jina la mwizi. Wakazi wa Beni na Butembo hawakupata hata nafasi ya kuijaribu siku hiyo, kwani uchaguzi wao uliahirishwa kwa sababu ya Ebola na usalama. Tume ilimtangaza Félix Tshisekedi kwa asilimia 38.57 dhidi ya 34.8 za Martin Fayulu. Kanisa Katoliki, lililokuwa na waangalizi 40,000, lilisema hesabu hiyo hailingani na ya waangalizi wake. Fayulu aliiomba Mahakama ya Katiba iamuru kura zihesabiwe upya kwa mkono. Januari 20, 2019 ombi lilikataliwa, na masanduku hayakufunguliwa. Karatasi zilikuwepo, kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka aliyekuwa tayari kuzitazama. Mashine pale haikuwa kosa la kwanza. Kosa la kwanza lilikuwa kuwa na ushahidi na kuuacha umefungwa.

Ndipo turudi kwenye seva. Agosti 2017 hayati Raila Odinga na muungano wa NASA walipinga ushindi wa Kenyatta, na kilio cha mitaa ya Kondele na Nyalenda kikawa kimoja: fungua seva. Mahakama ya Juu iliamuru tume iruhusu seva ziangaliwe. Tume haikutekeleza kikamilifu, na mahakama ikaihesabia hilo dhidi yake. Uchunguzi wa fomu ulikuta baadhi ya fomu 34B, zile za jumla ya eneobunge, hazina alama za usalama zilizotarajiwa, na Septemba 1 uchaguzi ukafutwa. Ulikuwa uamuzi wa kihistoria na ulikuwa sahihi. Lakini katika kesi nzima hakuna sanduku lililofunguliwa ili karatasi zihesabiwe. Kilichochunguzwa ni usafiri wa namba, na namba yenyewe ikabaki ilivyokuwa. Uchaguzi wa marudio wa Oktoba 26 haukufanyika kabisa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, na watu walikufa katika ghasia za miezi ile, akiwemo mtoto mchanga wa Nyalenda. Swali la nani alipata ngapi Agosti 8 halijawahi kujibiwa kwa karatasi.

Mwaka 2022 mahakama ilichukua hatua zaidi. William Ruto alitangazwa kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Odinga, yaani asilimia 50.49 kwa 48.85. Tume ilikuwa imeweka fomu 34A za vituo 46,229 kwenye tovuti yake, kila mtu akajijumlishia. Mahakama ya Juu iliagiza seva zichunguzwe na masanduku ya vituo 15 yafunguliwe na kuhesabiwa kwa mkono, katika kaunti kama Nandi, Kericho, Nyandarua na Mombasa. Hesabu ikalingana na fomu kwa kiasi kikubwa, na Septemba 5 kesi ikatupwa kwa sauti moja. Vituo 15 kati ya 46,229 ni vichache mno kuthibitisha nchi nzima, na havikuteuliwa kwa bahati nasibu bali kwa kutajwa na walalamishi. Bado vilifanya kile ambacho mwaka 2017 hakikufanywa: viliiweka fomu kando ya karatasi.

Jambo moja dogo la siku hizo linastahili kusogezwa karibu. Makamishna wanne wa tume waliojitenga na matokeo walisema asilimia za wagombea wote zinafika 100.01, na kwamba hiyo sehemu ya mia ya asilimia moja ni sawa na kura karibu 142,000. Jumla ya kura halali ilikuwa kama milioni 14.2, asilimia 0.01 yake ni takriban kura 1,420, si 142,000. Na ziada yenyewe haikuwa ya kura yoyote. Ilitokana na kukadiria desimali za wagombea wanne, kila moja kivyake, kwenda juu. Lakini namba ile ya laki moja na zaidi ilikwisha kusambaa hadi masokoni kabla hesabu haijafanywa. Namba inayotoka kwenye mfumo ambao mtu wa kawaida hauoni ndani huaminiwa au kukataliwa kwa imani tu. Karatasi iliyo mezani hubishaniwa kwa macho.

Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliiweka hoja hiyo katika sheria mnamo Machi 2009 ilipokataza mashine za kupigia kura zilizokuwa zikitumika nchini humo. Haikusema kura ziliibwa. Ilisema kwamba raia lazima aweze kuthibitisha hatua muhimu za uchaguzi bila kuhitaji utaalamu wa pekee. Kwa kipimo hicho hesabu ya mkono ina haki zaidi kuliko ya mashine hata siku ambayo mashine ina usahihi zaidi. Mkulima wa mpunga wa Ahero anaweza kumwona karani akikosea. Hawezi kuiona programu ikikosea, na aliyeajiriwa kumwambia kwamba iko sawa ni mgeni kwake.

Hata hivyo haki ya mkono inategemea sanduku kuwa lile lile. Sanduku la Mfangano lazima livuke maji kabla ya kufika nchi kavu. La Ndeda huko Bondo vivyo hivyo. Boti, lori, ghala, kisha miezi kadhaa kabla jaji hajaagiza lifunguliwe: kila kituo cha safari ni nafasi ya lakiri kukatika. Zikifunguliwa Februari karatasi zilizohesabiwa Agosti, upande utakaoshindwa utasema zilibadilishwa njiani, na hakuna wa kuuthibitishia vinginevyo. Ndiyo maana hesabu ya pili ya haki ni ile inayofanywa mapema, lakiri zikiwa mbichi na mawakala wakiwa bado wanakumbuka walichoona. Hapo mashine ina kazi nzuri ya kufanya. Picha ya fomu iliyotumwa usiku ule haiwezi kubadilika njiani pamoja na sanduku, kwa hivyo fomu inalinda sanduku na sanduku linalinda fomu. Mwaka 2017 tume ilitaja vituo 11,155 visivyo na mtandao wa kutosha. Ni katika maeneo kama hayo ndipo ulinzi huu wa pande mbili hupungua kuwa wa upande mmoja.

Majirani wa upande wa pili wa ziwa wana kanuni ambayo Kenya inaweza kuitazama bila aibu. Sheria ya Uganda ya uchaguzi wa wabunge ya 2005 inamtaka afisa wa uchaguzi ahesabu upya ikiwa wagombea wawili wa juu wamelingana au wametofautiana kwa kura zisizofika 50, na inamruhusu mgombea kuomba hesabu mpya kwa hakimu mkuu ndani ya siku saba. Utekelezaji wake Uganda umekuwa na malalamiko yake, na kura 50 ni kizingiti cha chini sana. Mpangilio wenyewe ni sahihi, kwani kinachofungua sanduku ni namba, wala si ushahidi wa wizi. Mlalamishi hahitaji kumwita mtu mwizi ili karatasi zitazamwe, na aliyeshinda hahitaji kuona ombi hilo kama tusi.

Kenya inaweza kuweka kizingiti cha asilimia, kwa mfano nusu ya asilimia moja ya kura halali, kwa viti vyote visivyo vya rais. Tofauti ikiwa chini ya hapo, afisa wa eneobunge au wa kaunti angefungua masanduku ya kiti hicho ndani ya siku chache, mbele ya mawakala, kwa kanuni zile zile za kituoni. Ugenya ya 2017 ingeingia humo. Homa Bay ya mwaka huo, ambako pengo lilikuwa la makumi ya maelfu, isingeingia, na kesi kama hiyo ingebaki kazi ya mahakama. Kwa urais, ambako kesi huwasilishwa ndani ya siku saba na kuamuliwa ndani ya siku 14, kuhesabu nchi nzima upya hakuwezekani bila kugusa Katiba. Kinachowezekana ni kuteua kwa bahati nasibu, hadharani, vituo kadhaa katika kila kaunti na kuhesabu karatasi zake kwa mkono kabla ya kutangaza mshindi, tofauti iwe kubwa au ndogo. Jimbo la Colorado limekuwa likifanya ukaguzi wa aina hiyo katika jimbo zima tangu 2017. Idadi ya karatasi zinazokaguliwa huongezeka kadiri tofauti inavyopungua.

Gharama ipo. Makarani walipwe siku za ziada, ghala zilindwe, na maafisa wafundishwe kazi ambayo hawajawahi kuifanya. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Kizingiti cha viti vya kaunti na vya bunge kinahitaji marekebisho ya Sheria ya Uchaguzi na kanuni zake, bila kura ya maoni, na kinahitaji kupitishwa mapema kiasi cha kila wakala wa Seme na Nyakach kufahamu, kabla hajaingia kituoni, ni tofauti ipi itakayofungua sanduku tena na ni nani atakayelifungua.